Ua Moja kwa Siku

Kwa miaka tisa mkono wangu wa kushoto haukuwa wangu. Ulikuwa wa jirani yangu wa chini, mwanamke mtu mzima aliyewapamba maharusi wa Mji wa Kale tangu mimi sijajua kufunga kanga. Kila siku baada ya swala ya Alasiri aligonga dari yake kwa mwiko mrefu wa pilau, mara tatu, na dari yake ndiyo sakafu yangu. Nikisikia hivyo niliacha nilichokuwa nacho, na mara nyingi sikuwa na kitu, nikashuka ngazi, nikaketi kwenye mkeka wake, nikanyoosha mkono. Alinichora ua moja la hina. Kisha nikapanda juu. Saa zilizobaki mkono aliniachia nioshee vyombo.

Jina lake silitaji. Hakupenda lipite mahali asipokuwapo mwenyewe kulisahihisha. Mtaani aliitwa Mpambaji, na hata daktari wa macho alimwita hivyo. Mimi usoni nilimwita mama, kwa sababu marehemu mamangu na yeye waliitana dada.

Nami nijitaje kidogo, msije mkadhani mwasomeshwa na mtu wa maana. Nilimaliza fomu foo, nikaolewa, nikaachwa, nikarudi nyumbani kwa mamangu, na orodha ya mambo niliyofanya huishia hapo. Ni mtu wa ndani. Nikifika Marikiti, soko letu la karibu, nahesabu nimesafiri. Nikienda Tononoka huaga. Mpambaji alisema mimi ndiye ubao bora aliopata maishani, kwa kuwa ubao mzuri ni ule ambao kila ukiutafuta waukuta pale pale ulipouacha.

Kiingereza chake kilikuwa haba, lakini alikuwa na sentensi moja aliyoimiliki kama mtu anavyomiliki shamba. Sentensi yenyewe ni hii: keep my hand in. Aliitamka vizuri, bila haraka, na maana yake aliyonipa ni kufanya jambo kidogo tu, kila mara, ili mkono usisahau. Aliipata ujanani, alipokuwa akichora hina wageni katika hoteli moja ya ufuoni upande wa kaskazini. Kulikuwa na bibi wa Kizungu, mgeni wa kila mwaka, ambaye kila asubuhi kabla ya chai aligongagonga meza kwa vidole vyote kumi, kwa utaratibu, kwa muda mrefu, akitazama mbele. Wahudumu walidhani ana maradhi. Mpambaji akamtuma mmoja wao aulize. Jibu lililorudi ni kwamba bibi yule alikuwa mwalimu wa kinanda, na hotelini hakukuwa na kinanda, basi alikuwa anafanya vile just to keep my hand in. Wengine walicheka. Mpambaji hakucheka. Alikwenda nayo nyumbani sentensi ile kama mtu aliyeokota pete.

Mara ya kwanza kuniambia, nilimsahihisha. Nilikuwa na C ya Kiingereza na kiburi cha A. Nikamwambia sentensi haijaisha, mkono ndani ya nini? Ndani ya maji? Ndani ya mfuko? Akaniangalia kwa huruma ya mtu aliyeketi na wageni wa hoteli miaka kumi na miwili. Nikapanda juu kufungua kamusi nije nimwaibishe, na kamusi ikawa upande wake. Sikushuka kumwambia. Kesho yake akaniuliza kama nimekuta kitu kwenye kamusi, maana alisikia kurasa.

Kwa sentensi ile aliendesha maisha yake yote. Samaki, kwa mfano. Muuza samaki alipopita na baiskeli, Mpambaji alishuka kizingitini kubishana naye bei, hata siku ambazo jokofu lilijaa na hakutaka kununua hata dagaa. Walibishana mpaka majirani wakafungua madirisha. Nilipochunguza nikagundua kuwa muuza samaki naye alimpandishia makusudi, kwa adabu, apate pa kuanzia.

Vivyo hivyo kwa marehemu mumewe, mtu mpole aliyekuwa karani bandarini. Kila Ijumaa asubuhi alimgombeza kwa jambo moja dogo, kikombe au kiatu, hata kama wiki nzima maskini hakukosa. Aliniambia kuwa mwanamke asiyegomba kabisa, siku akikosewa kwelikweli hatajua aanzie wapi. Mimi niliachwa kwa ujumbe wa simu, nikajibu "sawa". Mumewe alipofariki, Ijumaa zake alizihamishia kwa bintiye aliyeolewa Tononoka, kwa njia ya simu.

Lakini kubwa zaidi lilikuwa kigelegele. Kila asubuhi, akiwa jikoni peke yake, alipiga kigelegele kimoja kirefu, koo lisije likamtoroka siku ya harusi. Sisi tulizoea, kilitufaa kama saa. Siku moja akahamia ghorofa ya tatu mpangaji mgeni, mtu wa bara, mfanyakazi wa reli, Mkristo mwenye adabu nyingi. Asubuhi ya pili tu akasikia kigelegele. Jioni alipotoka kazini akabisha hodi kwa Mpambaji na sabuni ya mtoto na kofia ya sufu ya kichanga, katika joto la Mombasa, akampa hongera. Mpambaji alipokea vyote viwili. Akamwambia mtoto bado, lakini si vibaya zawadi ikitangulia. Kofia ile ilikaa kabatini mpaka mke wa mpangaji mwenyewe alipojifungua, ikarudi juu ikiwa na harufu ya udi.

Msidhani alikuwa mtu wa kukubaliana na nafsi yake kila saa. Aliichukia piko, ile rangi nyeusi ya kopo ambayo wasichana siku hizi huichora badala ya hina. Alisema ni dawa ya nywele, yababua ngozi, na biarusi si kichwa cha mzee. Nywele zake mwenyewe, akiwa na zaidi ya miaka sabini, zilikuwa nyeusi tititi, na kopo lilikuwa chini ya kitanda. Nilipomtania alisema kweli ni dawa ya nywele, ndiyo maana anaitia kwenye nywele. Tena alikuwa karimu wa chakula kupita kiasi, sahani yako haikuwahi kurudi tupu, lakini ukimuuliza katia nini kwenye mchuzi alikutajia vitu vyote isipokuwa kimoja. Nimepika mchuzi ule mara ishirini. Bado sijui hicho kimoja.

Kazini, hata hivyo, hakuwa na mzaha. Majani ya mhina aliyatwanga mwenyewe, akayachekecha kwa kitambaa cha melimeli mpaka unga ukawa kama poda ya uso. Akachanganya kwa ndimu na chai ya rangi, akaacha ilale. Koni za plastiki, ambazo wachoraji wa sasa huminya kama mtu aminyaye dawa ya meno, hakuzigusa. Alichora kwa chelewa. Aliichomoa kwenye fagio jipya, akaichonga ncha kwa wembe, akachovya, na uzi wa hina ukafuata chelewa kama uliokuwa umeambiwa pa kwenda. Wakati anachora ilikuwa haramu kwako kucheka, kukohoa au kuuliza. Yeye ndiye aliyezungumza.

Alijaribu kunifundisha. Alinipa chelewa na karatasi, nikachora ua. Alilitazama karibu, akalitazama mbali, kisha akaniuliza kama mende yule nimemuua mimi au nimemkuta amekufa. Tangu siku hiyo nikabaki kuwa ubao.

Na ubao nao ulipata misukosuko yake. Ua la kwanza la wiki alilichora kwenye kifundo cha mkono, la pili juu yake, la tatu juu yake, mpaka karibu na kisugudi, pale mkono unapokunjwa. Likifika kule juu, lile la kwanza limekwisha kufifia, anaanza upya. Kwa hivyo mkono wangu ulikuwa kama kalenda, siku za karibu nyekundu iliyoiva, siku za nyuma rangi ya chai ya maziwa. Maua ya biarusi hakunichora kamwe, alisema yale yana wenyewe. Lakini huko nje nani ajuaye tofauti? Mji wa Kale ukimwona mwanamke aliyeachwa ana hina mbichi kila siku, hauulizi nani kamchora. Wauliza anachorwa kwa ajili ya nani. Nilikwenda Marikiti kununua bizari, muuza bizari akauona mkono, na kabla sijafika nyumbani nilikuwa mke wa pili wa siri wa mwanamume mmoja wa Majengo mwenye lori. Binamu wa mamangu alipiga simu kulia. Mimi nilikanusha, lakini si siku ile ile. Niliuacha uvumi uishi wiki mbili, nikawa namuwaza yule mwanamume, lori lake la rangi gani. Ndiyo safari ndefu niliyofanya mwaka ule.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikizunguka.

Mpambaji alikuwa na mjukuu mmoja wa kike, mtoto wa yule binti wa Tononoka, anayefanya kazi katika duka la dawa. Tangu msichana yule anatambaa, Mpambaji alitangaza kwamba mikono ile hataigusa mchoraji mwingine. Miaka ikapita, wateja wakapungua, wasichana wa koni wakawa kila uchochoro na picha zao kwenye simu, na watu wakamwambia mama, pumzika. Alijibu kuwa anangoja mikono miwili tu, kisha aweke chelewa chini. Ndiyo sababu ya ua moja kwa siku. Hakuwa akinipamba mimi. Alikuwa akiulinda mkono wake mpaka siku hiyo.

Mwaka wa mwisho wa maua hayo, Ramadhani iliisha akiwa amelazwa siku nne. Alirudi akitembea, akizungumza, akinigongea dari kama kawaida. Nikashuka. Ua la siku ile lilikuwa na jani moja lenye mkia, mstari uliokwenda pasipotakiwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka, si sana, kama mtu aliyeshika kikombe kilichojaa. Na macho yake yalikwisha kuwa na ukungu wa mtoto wa jicho. Mambo madogo hakuyaona. Ndiyo maana aliniuliza, kama alivyoniuliza kila siku, limetokaje.

Nikasema mashaallah, zuri.

Siku ile ya kwanza nilisema kwa huruma. Ya pili nikasema kwa kuwa nilisema ya kwanza. Baada ya hapo ulimi ulijiendea wenyewe. Maua yakawa yapinda, yakawa yagusana, moja likawa si ua tena bali kitu kilichomwagika, nami mashaallah, mama, zuri. Nilianza kuvaa mikono mirefu hata ndani ya nyumba. Nilijiambia ni wema. Leo, nikiwa nimekaa nalo jambo hili kwa muda, naona wema ulikuwa kidogo sana mle ndani. Nilichoogopa ni kwamba nikimwambia kweli ataacha kuchora, na akiacha kuchora hakuna mtu duniani atakayegonga sakafu yangu baada ya Alasiri.

Harusi ikapangwa. Siku nne kabla ya hina, mjukuu alipanda kwangu peke yake, akanisalimu vizuri, akaketi, akazungusha simu mkononi. Mwishowe akasema alilojia. Mamake ameshamwita msichana wa koni, kwa tahadhari tu. Yeye mwenyewe angependa nyanyake amchore, lakini ameona anavyoshika kikombe. Kisha akaniomba, kwa sauti ya chini, nimwonyeshe mkono wangu.

Hapo ndipo ningeweza kumaliza yote. Ilikuwa ni kupandisha mkono wa nguo tu. Msichana angeona, angelia kidogo, wangepanga jambo la heshima, bibi asingejua kitu. Badala yake nikamwambia nimefua nguo siku nzima, hina yote imefutika kwa sabuni. Nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba nyanyake ni yule yule. Akashukuru. Aliponibusu mkono wakati wa kuaga alibusu wa kushoto, juu ya kitambaa, na chini ya kitambaa mlikuwa na maua saba yaliyopinda.

Siku ya hina nilisafiri mpaka Tononoka. Chumba kilijaa wanawake, udi, watoto wa kike waliokatazwa kukanyaga mkeka. Biarusi aliketi katikati na kanga mpya, mikono juu ya mto. Msichana wa koni alikaa pembeni, mpole, kazi yake kwenye mkoba. Mpambaji akaingia amevaa vizuri kupita mamake biarusi. Akaketi, akaniashiria nimshikie bakuli, akachovya chelewa.

Alianza na kiganja cha kulia. Waliokuwa wakiimba waliendelea kwa muda, kisha waliokaa karibu wakanyamaza, kisha wa nyuma yao, mpaka nikasikia feni. Ua la kwanza lilikuwa kubwa, na halikuwa ua. Biarusi hakuutoa mkono. Alininyanyulia macho mimi. Sikuwahi kutazamwa hivyo na mtu niliyemtakia mema.

Mamake akainama, akasema taratibu, "Mama, umechoka. Tumwachie huyu mwenzio amalizie."

Mpambaji akasita. "Kuna nini?"

Wote waliangalia mkeka. Wanawake arubaini, na wote wajua kusema.

Akageuza uso kwangu, yale macho yenye ukungu. "Wewe ndiye wauona mkono wangu kila siku. Kuna nini, mwanangu?"

Nikasema, "Mistari imepinda, mama."

"Leo?"

"Tangu Ramadhani."

Sikuthubutu kumwangalia. Niliiangalia chelewa. Nilidhani atainuka. Au atalia, na chumba kizima kitalia naye, na harusi itaanza kwa mkosi, na itasemwa mpaka wajukuu wetu kwamba niliyeiharibu ni mimi, mtu ambaye hata hatoki nje.

Aliiweka chelewa kwenye mkeka. Kisha akapokonya bakuli mikononi mwangu, akatia vidole vyake vinne ndani, akachota. Akamshika mjukuu kiganja na kukipaka chote, kuanzia kwenye kifundo mpaka ncha za vidole, akikandika polepole, akijaza baina ya vidole, akifuata ukingo kwa kidole gumba. Ua lililopinda likapotea chini ya hina. Kazi ile haitaki mkono uliotulia; yataka subira na hina nyingi. Akamaliza wa kulia, akasema leteni wa kushoto. Wazee wawili watatu waliokaa ukutani wakaanza kunong'ona, kisha mmoja akasema kwa sauti kuwa hivyo ndivyo alivyopakwa mamake mwenyewe, kabla ya mambo ya maua, kiganja kizima chekundu. Kigelegele kikalipuka upande wao. Mpambaji akamwambia msichana wa koni kuwa kutoka kwenye kifundo kwenda juu ni pake, achore atakavyo. Msichana yule akachora mizabibu myembamba iliyopanda kutoka kwenye wekundu ule, na nakwambieni ilipendeza. Picha zilizunguka kwenye simu za mji mzima na wiki iliyofuata kulikuwa na maharusi wawili waliotaka vile vile.

Mimi hakunisemesha. Walipomsindikiza kwenye tuktuk alipita karibu nami, nguo yake ikanigusa. Nilirudi Mji wa Kale kwa miguu, nikapotea njia mara moja, umri wangu huu.

Dari haikugongwa kesho yake. Wala wiki ile. Baada ya Alasiri nilijikuta nimekaa karibu na mlango, nikikunjakunja nguo zilizokwisha kunjwa. Asubuhi kigelegele kilisikika, kwa hiyo nilijua yupo. Akipika, harufu ilipanda, kwa hiyo nilijua ametia kile kitu kimoja. Nilishuka mara mbili na sahani. Aliipokea, akaniambia ahsante, akairudisha siku ya pili imejaa, kwa mkono wa mtoto wa jirani. Alinifanyia adabu. Ninyi mnaojua watu wa kwetu mnajua adabu ikizidi ina maana gani. Maua yangu yakafifia moja moja, la mwisho lile karibu na kisugudi, ambalo lilikuwa baya kuliko yote. Nililiosha kwa maji bila sabuni, likae.

Alikuwa na haki. Nimewaza sana ni haki gani hasa. Si kwamba nilimwaibisha. Kuaibika alijua kukuvaa kama anavyovaa leso. Ni kwamba alinipa kazi moja, kumwonea asichokiona, akaniamini nayo kila siku, nami kila siku nikaifanyia uongo mdogo. Na uongo ukiufanyia kazi kila siku huwa mwepesi mno. Mimi niliyejicheka kwamba sina nilichowahi kujifunza mpaka nikakiweza, kumbe nilikuwa nacho.

Miezi ikapita. Alilazwa tena, akarudi, safari hii hakutembea sana. Bintiye alihamia kwake kumuuguza. Nyumba ikajaa wageni. Nilisikia ngazi mchana kutwa. Nami sikushuka, nikisema moyoni nitashuka kesho, mpaka siku moja baada ya Alasiri nikasikia dari. Si mwiko, kitu chepesi, labda fimbo. Mara moja tu.

Nilimkuta amelala kitandani, mito mitatu mgongoni. Kwenye kiti alikuwapo jirani wa mtaa wa pili, akimwambia jinsi alivyonawiri, kwamba akimlinganisha na wiki iliyopita ni watu wawili, kwamba hospitali kweli imemsaidia. Mpambaji alikuwa akisema ahsante, mama, ahsante. Bintiye naye akaunga, kwamba hata jana alikula vizuri. Jirani akaaga. Binti akabaki mlangoni.

Nikamsalimu, masalkheri, mama. Akaniambia niketi. Sikujua nianze na kuomba radhi au na habari za afya, na alinikata kabla sijachagua.

"Niangalie," akasema. "Nikoje?"

Nyuma yake kidogo binti alinikazia macho na kutikisa kichwa, nusu ya nusu. Nilimuelewa. Nilielewa kila kitu alichotaka. Nikamwangalia mama yule kama nilivyopaswa kuangalia maua: mifupa ya shingo, ngozi iliyoachia shavuni, nywele ambazo kwenye mizizi zilikuwa nyeupe kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

"Umekonda, mama."

"Sana?"

"Sana. Na rangi imekutoka."

Binti akafyonya, akageuka, nikasikia sufuria zikigombana jikoni. Nilibaki na mikono yangu mapajani, nikingoja kufukuzwa. Mpambaji alifumba macho. Kifua chake kilishuka polepole, kama cha mtu aliyetuliwa mzigo ambao kila aliyeingia mle alikuwa akimwambia hana.

"Haya," akasema. "Sasa twaweza kuzungumza. Rudisha mlango."

Nikarudisha mlango, nikaja kuketi karibu zaidi. Alizungumza kwa mpangilio, kama anayesoma orodha aliyokwisha kuitunga zamani akakosa wa kumsomea. Alisema sanda iko wapi na ufunguo uko wapi. Alisema udi utoke duka gani. Kisha akafika kwa watakaomuosha. Bintiye asiingie, alisema, atalia na maji yatakwenda kusiko. Aliwataka wanawake watatu, hao tu na si wengine, na aliwataja mmoja mmoja akihesabu kwa vidole juu ya shuka. Wa kwanza alikuwa rafikiye wa zamani wa Majengo. Wa pili alikuwa mke wa imamu.

Wa tatu nilikuwa mimi.